Ikivutwa Itapasuka

Katika ukoo wetu kumiliki kompyuta ni cheo usichokiomba. Wenye magari hutumwa kubeba masufuria, wenye nyumba kubwa hutupiwa wageni wa kutoka Moshi, na mimi huletewa kila chenye waya. Kwa hiyo baba mkubwa na mama mkubwa walipokaribia jubilei ya miaka 50 ya ndoa, kamati ilipitisha kwa kauli moja, mimi nikiwa sipo, kwamba picha ya bango nitaitoa mimi. "Si unazo zote humo?"

Ninazo zote humo, na ndiyo balaa yenyewe.

Nilipeleka kwanza ile ya Krismasi, ambayo kundi la ukoo liliimwagia mioyo na makofi wiki nzima. Kijana wa mabango hakuimwagia chochote. "Mzee wangu, hii ikivutwa itapasuka. Huna orijino?" Akanionyesha: upande mrefu, pikseli 1600. Picha ya kushika mkononi, ikichapwa vizuri, hula pikseli 300 kwa inchi moja, maana yake mali yangu yote ilitosha sentimita 13 na ushee. Bango hutazamwa kwa mbali, husamehe mengi, lakini kamati ilitaka wazee wenye urefu wa mita moja. Kila pikseli ingetanuliwa ipite nusu milimita, na mama mkubwa, ambaye Krismasi ile alisimama mstari wa nyuma, angeingia miaka 50 ya ndoa akiwa na pua ya miraba saba.

Orijino anayo nani? Vijana wetu wana simu za megapikseli 50, wanatuambia wenyewe bila kuulizwa. Wanapiga, wanarusha kwenye kundi, programu inaikamua picha isije ikala bando, kisha wanafuta ile kubwa "kupata nafasi". Nafasi ya nini sijui, maana kesho yake simu imejaa tena.

Nikarudi kuchimba kwenye kompyuta. Humo picha zina majina kama ya wafungwa: IMG-20190412-WA0007. Unaambiwa ni ya tarehe 12 Aprili 2019, na wenye jicho, kwa hiyo WA, wanajua kuwa ilipitia WhatsApp. Huambiwi kama ndani yuko shangazi au risiti ya luku.

Kinachonichoma ni kwamba mashine inajua! Kila faili la picha limeandikiwa ndani yake upana na urefu wake. Lakini ukifungua folda unapangiwa kwa jina, au kwa tarehe ambayo wakati mwingine ni ya siku uliyonakili tu. Ukitaka vipimo, sharti ugeuze mwonekano uwe wa orodha, ubofye kulia juu ya vichwa vya safu, uibembeleze iongeze safu ya vipimo. Au uandike size:>3MB kwenye kisanduku cha kutafutia, ikuletee yanayozidi megabaiti 3. Ipo na njia ya madaraja, ila kwenye kompyuta yangu kila faili kati ya megabaiti 1 na 128 ni la "wastani". Kwa kipimo hicho mimi na tembo tungeshonewa shati moja.

Nikapanga kwa vipimo. Juu ya zile za kundi zikaja picha za skrini: meseji za miamala na madeni, na orodha ya michango ya harusi ambayo ndoa yake imeshavunjika. Skrini ya simu ya siku hizi ina pikseli kama 2400 kwenda juu, hivyo kwa ukubwa deni langu linamzidi mama mkubwa. Na juu kabisa akatokea baba mkubwa, 4000 kwa 3000! Kuifungua, ukungu mtupu. Mpwa mmoja aliwahi "kuikuza", yaani alichukua ile iliyokamuliwa akaitanua kwa programu na kuihifadhi upya. Vipimo vimenona, lakini baba mkubwa hakuongezewa hata unywele.

Mkombozi alikuwa folda ya mwaka 2009, kamera ndogo ya shemeji, megapikseli 10, picha zilizonakiliwa kwa waya kwa kuwa hatukujua njia nyingine. 3648 kwa 2736. Simu zote za mamilioni zimeaibishwa na kamera iliyokuwa ikitumia betri za redio. Wazee wamekaa uani wanacheka, na kitenge cha mama mkubwa unaweza kukihesabu nyuzi.

Bango lilipendeza mno. Ila picha ya namna hiyo haichagui cha kuonyesha. Watu wakipanga foleni ya pilau, katibu wa jumuiya alisimama mbele ya bango, akavaa miwani, akasogea, akasogea tena. Nyuma ya wazee, pale uani, kulikuwa na viti vya plastiki vimebebeshwa juu kwa juu, na kwenye migongo yake zilisomeka, kwa rangi nyekundu, herufi za jumuiya na namba za viti. Viti hivyo vimekuwa vikiulizwa kwenye mikutano tangu enzi za katibu aliyemtangulia.

Akaniuliza, kwa upole wa kiofisi, kama naweza kumpatia picha ile. Nikamwambia bila shaka, katibu. Jioni nikairusha kwenye kundi la ukoo, nikasubiri ikamuliwe vizuri, ndipo nikamtumia ile ya kundi.