Mheshimiwa, Tunaomba Khanga

Kwako Mheshimiwa Mwenye Matokeo,

Shikamoo. Sisi wazazi hatujambo, ila macho yanatuuma. Kila matokeo ya mitihani yakitoka tunakwenda stesheneri, tunalipia kurasa, kisha tunamuuliza kijana wa pale: "Mwanangu, hii shule ni nzuri au mbaya?" Naye hukodoa macho kama sisi.

Ahsante kwa kutuandikia wastani wa shule hadi tarakimu nne baada ya nukta. Hata dhahabu haipimwi hivyo. Vichwa ndivyo vizito, vya kwetu. Darasa la saba wastani ukipanda ni sherehe, kidato cha nne GPA ikipanda ni msiba. Mwenye pointi saba kaongoza, mwenye thelathini na tano kaangukia ziro. (Distinction na merit za 2014 tusizitaje, 2016 mlizifuta kabla hatujajua kuzitamka.)

Ombi letu ni khanga. Doti moja kwa kila shule, kila mwaka. Pindo liwe na rangi ya daraja: kijani kwa A, nyekundu kwa F. Kwenye mji, badala ya korosho, chora madawati na watoto waliobanana juu yake, tuwahesabu wenyewe. Jina liwe wazi: HESABU WAMEFAULU WATATU, MWALIMU HATUNA. Mama akijifunga kwenda gengeni, mtaa mzima umesoma matokeo bila bando. Akimbeba nayo mtoto mgongoni, mtoto naye anajua mapema anakopelekwa. Na msituambie bajeti haitoshi. Mwaka wa uchaguzi hatujawahi kusikia khanga zimekwisha.

Mengine ni madogo: matokeo ya mwaka jana yakae kando ya ya mwaka huu, idadi ya walimu iandikwe, vifupisho vipewe majina yake kamili.

Halafu lile neno mnaloliweka kando ya D kwa Kiingereza, eti inaridhisha. Inamridhisha nani? Mtoto amekaa sekondari miaka minne, anatoka hawezi kujisomea karatasi ya matokeo yake mwenyewe, na nyinyi mmeridhika! Nani kati yenu ana mwanawe kwenye shule hiyo? Mmoja tu anyooshe mkono.

Samahani, Mheshimiwa. Chai imenipalia.

Tukikubaliwa, vitambaa vianze kukatwa mapema. Shule yetu ni ya kata, kwa hiyo nyekundu muagize ya kutosha.

Wako mtiifu,
Mzazi