Mjusi na Kobe Wahesabu Pushapu

MJUSI: Shikamoo, Mzee Kobe. Hapa Fort Benning, Georgia, nawatazama makuruta wakijiandaa kwa mtihani wa ukakamavu na kicheko kinanishinda. Mimi juu ya uzio huu napiga pushapu mia kabla jua halijakolea, natutumua tumbo langu la buluu, na kila dume anakaa mbali. Wao 40 tu, jasho chapachapa! Dawa ni kupiga nyingi kila siku mpaka mikono igome.

KOBE: Marahaba, mwanangu. Zako ni za kumtishia jirani. Kichwa kinapanda, mkia umelala. Mtihani ulioanza 1980 katika Jeshi la Marekani ulimpa kijana wa kiume wa miaka 17 hadi 21 alama 60 kwa pushapu 42 ndani ya dakika 2, na 100 kwa 71. Kifua hakikulazimika kugusa chini. Ilitosha mkono wa juu ulale sambamba na ardhi. Basi aliyechoka alipunja, na sajenti mpole akahesabu. Siku hizi kifua hulala chini, mikono huiachia ardhi, hunyooshwa pembeni na kurudi chini, ndipo mwili mzima uinuke kwa pamoja. Nusu imekosa pa kujificha. Anayejifunza kwa nusu anafanya mazoezi ya kufeli.

MJUSI: Lakini saa haingoji adabu, mzee. Dakika 2 zinamtaka aliyezoea kuchoka.

KOBE: Kweli, na dakika hizo azijaribu mara mojamoja mtihani ukikaribia. Ila msuli hujijenga wakati wa kupumzika. Ambaye 20 zinammaliza, apige 10 safi mara 5, avute pumzi katikati, siku 3 kwa wiki, kisha aongeze kidogokidogo. Anayejikamua kila siku, ikifika Ijumaa kiuno kinabonyea kama kitanda cha kamba, naye bado anatangaza idadi.

MJUSI: Na vitani nani atamdai pushapu?

KOBE: Hakuna. Lakini risasi zikilia askari hujitupa kifudifudi, mzigo mgongoni, na kuinuka kwake huanzia chini kabisa. Muulize mwenye gamba.

MJUSI: Haya, nihesabie zangu.

(Akatikisa kichwa mara 7, tumbo likining'inia hewani.)

KOBE: Sifuri. Endelea.