YAH: Maktaba Unayosema Haipo

Kwa Mtunza Hazina,
Hazina ya Ndani ya Maven,
Folda ya .m2.

Ndugu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, hongera kwa kumbukumbu. Maktaba ikishapandishwa Maven Central haibadilishwi tena, kwa hiyo ukiichukua mara moja na kuitunza, bando letu linapona na seva za watu hazisumbuliwi. Hapo hatuna neno.

Neno letu ni kwamba unatunza hata visivyokuwepo. Mwenzetu akitoa toleo jipya, huchukua muda mpaka lionekane Central. Mwenye pupa akijenga programu yake katikati ya muda huo, unakwenda, unakosa, unarudi na kuandika faili lenye mkia wa .lastUpdated: seva uliyoiendea na wakati ulioiendea, hadi milisekunde. Juu yake kuna onyo kuwa ni faili la matumizi ya ndani na muundo wake waweza kubadilika bila taarifa. (Ofisi gani haina karatasi ya namna hiyo?) Toleo linafika Central, dunia nzima inalipakua, na wewe ukiulizwa unasoma karatasi yako: haipo. Kwenda kuangalia, huendi.

Utaratibu wako wa kawaida ni kuangalia mara moja kwa siku, na siku yako huanza saa sita usiku kwa saa ya kompyuta. Aliyekosa saa mbili asubuhi hungoja mpaka usiku wa manane. Aliyekosa saa sita kasoro dakika tano usiku huhudumiwa baada ya dakika tano. Waajiri wanaombwa wafikirie zamu ya usiku.

Kilichopo Central hakibadiliki, hivyo kukikumbuka hakuna hatari. Kinachoweza kubadilika dakika yoyote ni ule ukosefu, nao ndio unaoukatia hati. Utetezi wako tunaujua: bila hati hizo ungebisha hodi kwenye seva zisizo na kitu kila mradi unapojengwa. Ni kweli, lakini kwa hilo hati ya saa moja ingetosha.

Matoleo ya SNAPSHOT, ambayo kazi yake ni kubadilika, nayo unayaangalia kwa ratiba hiyohiyo. Hitilafu imerekebishwa saa nne. Sisi tunajenga na metadata ya alfajiri na kutupiana lawama hadi jioni.

Tumesikia pia kwamba anayejua kuongeza -U kwenye amri huhudumiwa papo hapo. Ujumbe wako wa kosa unadokeza tu kuwa masasisho yaweza kulazimishwa. Kwa herufi gani, hausemi. Mgeni asiye na mtu wa kumnong'oneza hufuta folda nzima na kupakua kila kitu upya, na bando la wiki linaisha kabla ya chakula cha mchana.

Ombi letu si kubwa. Wakati ulioikosa maktaba tayari umeuandika. Usituambie haipo, tuambie haikuwepo saa mbili na robo asubuhi, halafu tutajua wenyewe kama inafaa kukurudisha.

Wako katika ujenzi uliokwama,
Mwandishi wa programu

Nakala: Mwenzangu wa meza ya pili, anayesema kwake inafanya kazi.