Swingi za Watu Wengine

Mtu mwenye swingi moja mbaya ni tajiri, ila hajijui. Mpira wake unakata kulia leo, kesho na keshokutwa. Basi anajigeuza kushoto kidogo, anapiga, na maisha yanaendelea. Jim Furyk wa Marekani ana swingi ambayo mwalimu wa gofu akiiona kwa mwanafunzi mpya atamrudishia ada yake. Fimbo inapanda wima, ikifika juu inachora kitanzi, halafu inashuka kwa njia nyingine kabisa. Aliyemfundisha ni baba yake mzazi. Kwa swingi hiyo hiyo Furyk alichukua US Open mwaka 2003, na mwaka 2016 akamaliza mashimo 18 kwa mipigo 58, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kwenye PGA Tour kabla yake.

Mimi ninazo swingi nyingi, na asubuhi nikiamka sijui ipi itakuja kazini. Mara nyingi mpira huenda kulia, kwenye miarobaini. Nikisema nijipange, nikageukia kushoto ili upinde na kurudi katikati, ndipo inapochomoza ile swingi iliyonyooka, na mpira unakwenda kulekule nilikoelekea, yaani kwenye maegesho ya magari. Wenzangu wanasema sina bahati. Bahati haimo. Swingi zangu zote nimepewa na watu, kila mmoja kwa moyo mweupe, na mimi nimelelewa nisikatae ninachopewa.

Tatizo la mchezo huu ni kwamba kila kitu huamuliwa ukiwa hujui kama kimeamuliwa. Sekunde moja ukiigawa vipande elfu, uso wa fimbo unagusana na mpira kwa kama nusu ya kipande kimoja. Uso ukikengeuka digrii 1 tu, mpira wa mita 180 utatua mita 3 pembeni, bado hujahesabu kupinda kwake angani. Na kichwa cha draiva, chenye gramu kama 200, mikononi mwa mtu wa kawaida kinapita kwa kasi inayokaribia kilomita 150 kwa saa. Kwa mwendo huo Barabara ya Morogoro, trafiki angekuwa ameshakuandikia kabla hujaiona Kibaha.

Wa kwanza kunigawia swingi alikuwa mzee mmoja wa klabuni, mstaafu, anayekaa kwenye benchi karibu na tii ya kwanza na hana haraka ya kuondoka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na katika pumzi hiyohiyo akanieleza ugonjwa wangu. Mpira, alisema, huanza kufuata njia ya fimbo, kisha humalizia kule uso wa fimbo ulikoelekea. Kwa hiyo geuka kushoto zaidi, mwanangu. Sasa, haya ndiyo waliyofundisha walimu wengi kwa miaka na miaka, mpaka zilipokuja rada za kupima mwendo wa mpira, miaka ya 2000, ikaonekana mambo ni karibu kinyume: mpira huanza kwa kiasi kikubwa kule uso unakoelekea, na tofauti kati ya uso na njia ya fimbo ndiyo inayoupinda. Lakini utamwambiaje mtu aliyekuitikia marahaba kwamba amepitwa na rada? Nikageuka kushoto. Nilipogeuka kushoto, mikono ikazidi kuukata mpira kwa kupita juu yake, na mpira ukazidi kukata kulia. Wiki iliyofuata nikageuka zaidi. Mpira nao haukukubali kushindwa. Ikafika Jumamosi moja, kundi la nyuma yetu wakatuma kedi, mbeba mikoba wao, aje kuuliza kwa heshima kama bado tunacheza shimo lilelile.

Halafu nikapata kitabu. Ben Hogan, *Five Lessons*, kilichotoka mwaka 1957. Huyu Hogan gari lake liligongana uso kwa uso na basi mwaka 1949, akavunjika karibu kila mahali panapovunjika, na mwaka 1950 akachukua US Open. Mtu wa namna hiyo akikuelekeza jinsi ya kushika fimbo, unashika. Nilishika miezi, kidole gumba cha kushoto pale alipochora, na mpira ulizidi kwenda kulia kwa adabu mpya. Baadaye ndipo nikasoma habari zake zaidi. Kumbe ujanani Hogan aliteswa na mpira uliokuwa ukikata kushoto, na mshiko ule aliutengeneza ili kushoto kufungwe kabisa. Mimi wa kulia nilikuwa nakunywa dawa ya mgonjwa wa kitanda cha pili.

Baada ya kitabu nikaenda kwa mwalimu wa kulipwa, ambaye ni mtu mpole sana na anajua kazi yake. Alinitazama nikipiga, akanyamaza, akaniomba nipige tena, akanyamaza tena. Mwishoni akanipa jambo moja tu: fimbo ikifika juu, tulia. Hesabu moja, mbili, ndipo ushuke. "Una haraka juu," alisema. "Ukitulia juu, chini patajitengeneza penyewe." Akanisisitiza nifanye zoezi hilo kila ninapopata nafasi, hata bila mpira, hata bila fimbo. Hili la mwisho angeliacha.

Mazoezi ya nyumbani yana adui mmoja, naye ananing'inia darini. Kwa kawaida nilikuwa mwangalifu: nasogeza meza ya sebuleni, napanga stuli ukutani, nazima pangaboi, ndipo nachukua fimbo namba 7. Jioni ile umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo pangaboi lilikuwa limetulia lenyewe na sikuona haja ya kwenda kwenye swichi. Nikapandisha fimbo taratibu. Ikafika juu. Nikatulia, moja, na umeme ukarudi.

Pangaboi halianzi kwa hasira. Panga la kwanza lilikuja polepole, likakigonga chuma, tik, mithili ya mtu anayebisha hodi. Ningeshusha fimbo hapo hapo yangeisha. Lakini nilikuwa sijafika mbili. Panga la pili lilikuja na nguvu kidogo, tak, na la tatu likaichukua fimbo mkononi mwangu, likaizungusha nusu duara na kuikabidhi kwa kabati la vyombo. Kioo cha kabati kilidondoka kwa awamu, kipande baada ya kipande, na sahani mbili za wageni zikafuata. Mke wangu alitokea mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Akatazama juu, akatazama kabati, akanitazama mimi niliyesimama mikono ikiwa bado juu ya bega la kulia.

"Baba watoto," akasema, "huo mchezo si unachezwaga nje?"

Pangaboi linafanya kazi mpaka leo, ila linachechemea, na wageni wanaolifahamu hukaa upande wa dirishani.

Nikahamishia mazoezi mahali pasipo na kitu cha kuvunja. Kikao cha kamati ya harusi, kwa mfano. Anayeishi Dar es Salaam anajua vikao hivi: Jumapili jioni, viti vya plastiki, soda, na mwenyekiti mwenye sauti. Nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, akili yangu iko kwenye bega la kushoto. Wakati mweka hazina akisoma orodha ya waliolipa na waliokimbia, nilianza kupandisha mkono mmoja, taratibu, kwa mdundo ule alionifundisha mwalimu. Mkono ukafika juu. Nikatulia. Moja, mbili. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitulia juu sawasawa, na ndio wakati mwenyekiti alipouliza nani anaongeza ahadi yake tumalize pengo la ukumbi na MC.

"Mungu akubariki, ndugu yetu pale nyuma! Unaongeza ngapi?"

Upande wa akina mama wakapiga vigelegele. Mkono uliopigiwa vigelegele hauwezi kushushwa kwa maelezo ya gofu. Nikasema laki mbili. Mweka hazina akaandika kwa kalamu ya wino, akarudia kwa sauti ili kila mtu asikie, na shangazi mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka kunipa mkono. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilipiga hesabu: kwa fedha ile ningepata mafunzo mengine kwa mwalimu, kuhusu namna ya kutotulia juu.

Mtu pekee ambaye hajawahi kunipa swingi ni kedi wangu. Ni kijana aliyekua karibu na uwanja, akajifunzia kwenye kichaka kwa nondo iliyopindwa ncha. Wachezaji wengi wa kulipwa wa nchi hii na wa Kenya walianzia kwenye kubeba mikoba ya watu. Hata Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alikuwa kedi utotoni, akijifunza ufukweni kwao Pedreña, Hispania, kwa fimbo moja tu, namba 3. Kijana wangu naye ana swingi moja. Anaitumia kwa draiva, kwa namba 7, hata kwa kufyekea majani anapotafuta mipira yangu, na kila mara inatoka ileile. Nimemchunguza sana. Hafikirii chochote.

Siku moja mpira uliponitoroka kulia nikamwambia ni upepo wa kusi. Akanyoosha kidole. "Kusi linatoka kule, bosi. Mpira ndiko ulikokwenda. Umelifuata kwao." Akatembea hatua chache, kisha akasema lililokuwa moyoni. "Bosi, chagua moja."

"Ipi?"

"Yoyote. Mimi sijui nikakae upande gani."

Nilidhani ni hekima, kumbe ni malalamiko ya kazi. Anatangulia mbele kila ninapopiga, na kwa swingi zangu hakuna mahali pa usalama isipokuwa, alivyoniambia siku nyingine, katikati.

Basi Jumamosi iliyofuata nikawafukuza wote. Mzee wa benchi, Hogan, mwalimu, rada. Tulikuwa kwenye shimo la tano, ambako baada ya mita mia na kitu uwanja unashuka bondeni na kutoka kwenye tii huoni tena kitu chini. Nikasimama, sikuhesabu, nikapiga. Mlio wake nilikuwa sijawahi kuusikia kutoka kwenye fimbo yangu. Mpira ukanyooka, ukavuka ukingo wa bonde katikati kabisa ya njia, ukazama. Wenzangu watatu walikuwa wamegeuka tayari kutazama miarobaini, kwa mazoea, hivyo hakuna aliyeuona.

Tulipofika bondeni mpira haukuwepo. Kedi alikuwa amesimama katikati ya njia, anaonyesha angani.

"Kunguru, bosi."

Wakazi wa Dar hawahitaji kuelezwa. Ni wale kunguru wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na tangu hapo hawajawahi kuona kitu kisicho chao. Sheria ya gofu katika hili ni nzuri na ya huruma: mpira uliotulia ukiondolewa na ndege, unaweka mwingine palepale ulipokuwa, bila adhabu. Sharti ni moja tu, iwe inajulikana, au ni karibu hakika, kwamba ndivyo ilivyotokea.

"Ulikuwa hapa?" mmoja wa wenzangu akauliza, akipima kwa macho katikati ya njia. "Wako?"

"Hapa hapa," kedi akasema.

"Katikati?"

Wakatazamana. Shahidi nilikuwa naye mmoja, na mimi ndiye ninayemlipa. Hawakusema ninadanganya, ni watu wastaarabu. Walisema tu kwamba tuangalie kwanza kulia, kwa ajili ya kuondoa shaka, na wakaondoka kwa pamoja kuelekea kwenye miarobaini. Muda wa kutafuta mpira siku hizi ni dakika 3. Kabla ya 2019 zilikuwa 5. Dakika ya pili haijaisha nikasikia shangwe. Wameupata. Ulikuwa na doti mbili za wino mwekundu, alama yangu, na tope kavu la wiki iliyopita.

Nikawaeleza kwamba huo niliupoteza Jumamosi ile nyingine, na kwamba nikiucheza ni mpira usio wenyewe, adhabu mipigo 2. Wakanisikiliza kwa upole ule wanaopewa wafiwa. Aliyekuwa ameushika akaugeuza geuza, akasema kwa kadiri anavyonifahamu, haoni kwa nini ule wa leo uwe mbali na hapa. Nisiwachoshe: niliuhesabu wa kwanza umepotea, nikapanda tena mpaka kwenye tii, kedi nyuma yangu akinung'unika habari za kunguru, nikaweka mpira mpya. Wenzangu walibaki ukingoni mwa bonde, chini ya miarobaini, kwenye kivuli.

Wakati napandisha fimbo nikamsikia yule mzee wa benchi, mwanangu geuka kushoto, na Hogan na kidole gumba chake, na juu kabisa mwalimu akihesabu moja, mbili. Nikapiga. Nikafungua mdomo kupaza "Foo!" ya kuwaonya, lakini hapakuwa na wa kumpazia. Wote watatu walikuwa wameshajibanza nyuma ya mashina ya miti kabla sijaanza kushusha fimbo.