Waraka kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Majaribio

Mheshimiwa Msimamizi,

Naomba unisikilize kuhusu majaribio ya sheli yanayoambatana na programu yako ya mstari wa amri, ile tunayoitumia sisi watunza seva kuhifadhi nakala za akiba. Umetupa programu nzuri, tena bure, na shukrani zetu ni za dhati. Majaribio yake nayo yana rekodi ya kutamanika: kwa ripoti unazotoa kila toleo, hayajawahi kufeli hata moja. Yalipita hata katika lile toleo lililokuwa likiruka faili zenye nafasi katika majina yao.

Nilifungua skripti moja ili nijifunze siri hiyo. Juu kabisa umeweka “set -e”, ishara ya mtu makini, maana amri ikifeli skripti yote husimama. Chini yake programu yako inapeleka matokeo kwa bomba hadi “sort”, kisha yanaandikwa kwenye faili. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba sheli, isipoambiwa vinginevyo, huangalia amri ya mwisho tu ya bomba. Programu ikifa njiani, “sort” hupanga kilichoifikia, hurudisha 0, na safari inaendelea. Mwishoni jaribio linauliza swali moja: je, faili la matokeo lipo? Lipo, Mheshimiwa. Sheli hulifungua kabla “sort” haijaanza kazi, hata kama litabaki tupu. Dawa ya bomba hilo, “pipefail”, imo ndani ya Bash kwa miaka mingi, na kiwango cha POSIX nacho kiliipokea mwaka 2024.

Naamini unaikumbuka ahadi uliyotuandikia, kwamba kila hitilafu itakayorekebishwa itapewa jaribio lake. Hitilafu ya nafasi kwenye majina uliirekebisha upesi kwa kukizungushia kigeu cha jina la faili alama za kunukuu, nasi tukakupongeza. Jaribio lake halikuandikwa, na baadaye mtu mwingine akaondoa alama za kunukuu kwenye kigeu kilekile. Nakala za watu zikapungua tena, kimyakimya, na ripoti ikatoka safi.

Uliahidi pia kututendea sawa watumiaji wa mifumo yote, na kwa kweli skripti zako zinaanza na “#!/bin/sh”, kana kwamba zitakwenda popote. Lakini ndani yake mna “[[”. Kwenye Ubuntu, tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006, sh ni dash, na dash haiijui alama hiyo. Inanung'unika mstari mmoja, inarudisha 127, na kwa kuwa alama imo ndani ya “if”, hata “set -e” haishtuki. Ukaguzi wote unarukwa, jaribio linapita. Wenzetu wa macOS wanapata kinyume chake: “wc -l” yao hutanguliza nafasi mbele ya namba, kwa hiyo ulinganisho wako unakataa jibu lililo sahihi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna letu. Jaribio la tarehe linalinganisha tarehe ya mashine na kumbukumbu inayoandikwa kwa UTC. Kati ya saa sita na saa tisa usiku, huku ni leo na kwenye UTC bado ni jana, na jaribio linafeli. Ulitujibu kwa adabu kwamba kwako linapita. Sina shaka. Mradi wa Git huweka TZ=UTC na LC_ALL=C mwanzoni mwa majaribio yake ya sheli, na kasoro inayojulikana huiandika waziwazi kuwa inatarajiwa kufeli. Wewe majaribio ya kasoro zako umeyawekea alama ya reli na maneno “kwa muda”. Muda huo umevuka matoleo kadhaa.

Marekebisho nimeshakutumia. Yapokee au yakatae, hiyo ni haki yako. Ila hadi utakapoamua, nakuomba kwa unyenyekevu uondoe kwenye ukurasa wa maelezo ile sentensi isemayo kwamba kila toleo limejaribiwa kikamilifu. Watu wanaisoma, kisha wanafuta faili zao za asili.

Wasalaam,
Mtunza seva, Dar es Salaam