Mwongozo wa Kuhamia Chaani kwa Wapenda Jua

Kama umeshuka pwani kwa kuchoshwa na baridi ya Limuru, hapa Chaani, Mombasa, umefika. Koti lako mpe anayerudi bara kabla halijaota ukungu kabatini. Jua la huku ni la bure. Halina mita wala tokeni, na halikatwi ukichelewa kulipa. Mengine yote utayanunua, yakiwemo uliyodhani hayauzwi.

Dalali wa nyumba atakutembeza Julai, saa moja asubuhi. Usidhani ni bahati. Julai kusi linavuma, joto la mchana linaishia nyuzi 27 au 28, na asubuhi kuta bado zina ubaridi wa usiku. Atafungua dirisha, upepo utapita, pazia litacheza. "Mwaona, mgeni wangu? Hapa feni ni pambo tu." Utalipa depoziti palepale. Machi ikifika, saa nane mchana, nyuzi zitakuwa 32 au 33, na hewa itakuwa imeshiba maji hata jasho halikauki. Linakaa mwilini kama mpangaji mwenye deni. Hapo mpigie dalali simu. Hapokei.

Kwa hiyo nyumba ya Chaani huangaliwa Machi, alasiri. Ukishindwa kungoja Machi, basi nenda usiku: panda ghorofa ya mwisho saa mbili, nyoosha mkono, gusa dari. Zege hulinywa jua mchana kutwa na kulitema usiku kucha, na anayelala chini yake hulipata mara mbili. Utaambiwa kodi ya juu ni nafuu kwa sababu ya ngazi. Ngazi hazina hatia. Nyumba ya mabati bila dari ina uungwana zaidi: mchana inakuoka waziwazi, lakini magharibi ikiingia inapoa upesi na kukuacha ulale.

Sasa sikiliza jambo ambalo dalali halijui, au analijua na hasemi. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi jua la adhuhuri limeegemea kusini. Na katika miezi hiyohiyo ya joto kali ndipo kaskazi linapovuma, likitokea kaskazini-mashariki. Kuanzia Aprili mambo yanageuka: jua limehamia kaskazini, na upepo sasa ni kusi. Yaani mwaka mzima upepo unaingia kwa mlango mmoja na jua limesimama mlango wa pili. Anayepanga chumba chenye dirisha upande wa kusini peke yake atapata jua Januari na upepo Julai, wakati hana haja nao. Dirisha la kaskazini linakupa upepo wa Januari bila jua. Ukipata chumba chenye madirisha pande zote mbili, usibishane bei.

Wazee waliojenga nyumba ya Kiswahili hawakuhitaji kuelezwa haya. Mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, mlango wa kutokea uani: milango miwili ikiwa wazi, nyumba nzima inapumua, na hakuna aliyenunua feni. Sehemu ya Chaani ilipangwa viwanja katika mradi wa makazi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, na nyumba za namna hiyo bado ziko. Zinapungua, lakini. Mwenye kiwanja akipata pesa anapanda juu, anajenga hadi kwenye mpaka, na dirisha lako linaanza kutazama dirisha la jikoni kwake. Utajua wamepika nini. Utasikia redio yao. Upepo ndio hutauona tena. Basi kabla ya kulipa usiulize tu maji na choo. Uliza kiwanja cha upande wa kaskazini ni cha nani, na kama ana mtoto anayefanya kazi Dubai. Akiwa naye, tafuta nyumba nyingine. Ghorofa liko njiani.

Uliza na ardhi pia, japo wewe ni mpangaji tu. Mombasa mtu anaweza kumiliki nyumba asimiliki udongo ulio chini yake. Kuta ni zake, ardhi ni ya mwingine, na kila mwezi analipa kodi ya mahali nyumba iliposimama. Si jambo la aibu, limekuwepo miaka mingi. Lakini mtu wa namna hiyo sishangai akisita kupanda mwembe wa kumpa kivuli mtu mwingine miaka 10 ijayo.

Na hapo tumefika kwenye kivuli, mali ghali kuliko zote mtaani. Kuna benchi moja la mbao karibu na msikiti ambalo sijawahi kulikuta mahali pamoja asubuhi na jioni. Asubuhi liko upande wa magharibi wa ukuta. Adhuhuri liko chini ya mwarobaini, limesukumwa hadi kwenye shina. Baada ya alasiri limezunguka upande wa mashariki. Wazee hawaangalii saa. Mmoja akiona jua limegusa ndara zake ananyanyuka bila kusema neno, wenzake wananyanyuka, benchi linabebwa hatua mbili, na mazungumzo yanaendelea palepale yalipokatika. Usilikalie kabla hujakaribishwa. Ukikaribishwa, angalia usikae ile ncha ambayo kivuli kinaiacha kwanza. Hapo ndipo wageni wanapowekwa.

Kivuli cha pili ni cha trela. Chaani imepakana na shughuli za bandari, na kituo cha pili cha makontena kilifunguliwa Kipevu mwaka 2016, kwa hiyo malori hayakosekani. Yakiegeshwa kando ya barabara yanatupa kivuli kirefu, kizuri, chenye kona za mraba. Mama wa viazi karai anakijua. Ataweka jiko, karai, meza ndogo na chupa ya ukwaju, na wateja watapanga mstari wakifuata ukingo wa kontena. Halafu dereva anatoka kula, anajifuta mdomo, anapanda, anawasha injini. Mama anainua kichwa kumtazama. Dereva anatazama mbele. Trela linaondoka na paa la mgahawa, na mliokuwa mezani mnabaki juani na viazi mkononi. Kivuli cha trela hakina dhamana. Mwenye akili anakagua trela kwanza: kama lina mzigo na magurudumu yamelala, dereva anangoja karatasi, una saa nzima ya kula. Kama ni tupu, agiza viazi vya kufunga.

Maji nimeyaweka katikati kwa makusudi, ungeyasoma mwanzo ungeghairi. Huko Marekani kuna jiji linaitwa Phoenix, jangwani kabisa, Arizona, ambalo pamoja na viunga vyake lina watu kama milioni 5 waliolifuata jua kwa hiari yao. Mvua ya mwaka mzima kwa wastani haifiki milimita 200. Mwaka 2023 joto lilifika nyuzi 43 au kupita kwa siku 31 mfululizo, na mamia ya watu walikufa kwa joto katika kaunti ya jiji hilo. Lakini bombani maji yapo: sehemu yake inavutwa kutoka mto Colorado kwa mtaro wa zaidi ya kilomita 500 unaokatiza jangwa. Sisi Mombasa tunanyeshewa zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, tumezungukwa na bahari, na bomba letu la Mzima, lililolazwa miaka ya 1950, lina urefu wa kilomita 200 na ushei tu. Na bado mfereji wa Chaani unaweza kukohoa hewa wiki nzima. Jangwa lina maji na mji wa mvua unanunua kwa mtungi. Ukipata wa kukueleza hesabu hiyo, mlete benchini.

Mpaka hapo, jifunze mkokoteni. Muuza maji anapita na mitungi ya lita 20, na swali la kwanza si bei. Ni "ya wapi?" Maji ya kisima yana chumvi: unayafulia kwa shida, sabuni haitoi povu, na chai yake utadhani imepikwa na mtu aliyekasirika. Maji ya mfereji ndiyo ya kunywa na kupikia. Usimkubalie anayejibu "yote maji tu, bosi." Jenga urafiki na mmoja, mpigie simu mapema, na usimwite saa saba mchana ukamlalamikia kuchelewa; ukitaka kujua kwa nini, sukuma ule mkokoteni hadi kona ya kwanza. Kama ploti ina tangi jeusi juu ya paa, una bahati ya aina yake: kuanzia saa tisa utaoga maji moto bila kulipia stima. Huwezi kuyakataa. Wenye uzoefu hukinga ndoo alfajiri na kuificha uvunguni.

Juu ya kichwa chako, wakati unaoga kwa kopo, ndege zitakuwa zinashuka uwanja wa Moi zikiwa na watalii wa Ulaya. Hao wamelipa pesa nyingi kwa jua hilihili. Wanavushwa haraka ndani ya magari yaliyofungwa vioo, na siku hizi waendao Diani wanaweza kushika barabara ya Dongo Kundu wasiione hata Likoni. Wanalifuata jua hadi ufukweni, wanalilalia siku kumi, wanarudi kwao wekundu. Hakuna aliyewahi kusimamisha gari Chaani akaomba kuliota la hapa. Nadhani ni kasoro ya matangazo.

Wala si kwamba pande hizi hazijawahi kuwa na wageni wenye vyeo. Luteni Reitz wa jeshi la majini la Uingereza aliachwa Mombasa Februari 1824 awe msimamizi, baada ya Wamazrui, watawala wa mji, kutaka ulinzi dhidi ya Seyyid Said wa Oman. Akavumilia kiangazi kilichobaki. Kisha Mei, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote, akafunga safari ya Pangani, homa ikamkamata, akafa kabla mwezi haujaisha. Wenzake wakalipa hori jina lake, na ndiyo Port Reitz ya jirani zetu hadi leo. Nunua chandarua. Mei, kwa jumla, usiende popote. Maji ya mvua yakikosa mtaro yatakuja sebuleni, na utaushangaa mji uliokunyima ndoo moja Februari.

Saa za kazi zina adabu yake. Katika Falme za Kiarabu sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, kati ya 15 Juni na 15 Septemba. Chaani haina sheria hiyo, lakini saa saba mchana piga hodi dukani uone: mwenye duka amelala juu ya magunia, redio inajisomea habari, na ukimwamsha kwa kiberiti atakuuzia bila kukusamehe. Wanaotembea saa hiyo ni kibarua wa bandarini, muuza maji, mwanafunzi na wewe. Aliyerudi kutoka Ghuba atakwambia joto la hapa si lolote, kule ni nyuzi 45. Muulize alitembea umbali gani juani. Mara nyingi ni kutoka kwenye basi hadi mlangoni. Kama alikuwa wa mjengo, hatakwambia kitu. Atakunywa maji yake kimya, na wewe mwache.

Utashawishika kununua kiyoyozi. Usinunue, na si kwa sababu ya bili ya stima. Kule Phoenix joto likizidi watu hufunga milango na kubaki ndani, na mtu anaweza kuishi miaka asijue jina la wa nyumba ya pili. Huku nyumba haikaliki saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo hakuna anayeikalia. Joto linamtoa kila mtu nje: mikeka inatandikwa barazani, watoto wanaogeshwa mlangoni, kinamama wanachambua mchele chini ya taa ya barabara, mwenye ugomvi analazimika kuugombania mbele ya mashahidi. Ndani ya mwezi mmoja utajua nani anauza mahamri, nani anakopesha, nani ana fundi wa pampu, na nani alitaka chumba chako kabla yako. Muuza kahawa atapita akigonganisha vikombe, na utakunywa kahawa chungu ya moto na kipande cha kashata huku shati limekuganda mgongoni, na utashangaa kwamba umepoa. Mwenye kiyoyozi yuko ndani, amefunga dirisha, anauliza kwa simu kelele hizo ni za nini. Nakwambia kweli, huyo ndiye aliyehamia jangwani.

Jambo la mwisho ni dogo: njoo na kiti chako. Vya barazani vina wenyewe.