Shamba Langu la Kisiwani

Jumamosi jioni, ndani ya daladala iliyojaa mpaka mlangoni, watu nisiowajua walinipa pole ya mazao. Masikio yangali yananiwaka.

Simu yangu haisikiki mpaka niiweke sauti ya nje, na shoga yangu hajui kunong'ona. "Tanipu zako kesho alfajiri zinaoza zote!" akapaza. "Njoo uuze kwangu leo, bei imefika mia tano!"

Mzee wa pembeni akatikisa kichwa. "Pole sana, mwanangu. Shamba liko wapi?"

"Kisiwani," nikajibu, na sikudanganya.

"Mafia?"

Konda akadakia kwamba shemeji yake ana Kenta. Mama wa siti ya nyuma akauliza kama tanipu ni jamaa ya figili. Mzee akanishauri nizifukie kwenye mchanga mkavu. Ikabidi niseme: ni gemu, baba, inaitwa Animal Crossing. Gari zima kimya. Mzee akaniangalia kwa upole uleule wa mwanzo: "Una watoto?"

Laiti wangeniacha nieleze! Kile kisiwa kinafuata saa halisi. Kila Jumapili, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa sita mchana, binti nguruwe aitwaye Daisy Mae, kamasi likimning'inia puani, anapita akiuza tanipu kwa mafungu ya kumi kumi, kila moja kwa hela ya kule, Bells 90 hadi 110. Kuanzia Jumatatu duka la kisiwani linazinunua, na bei hubadilika asubuhi na adhuhuri. Wiki nyingine inaporomoka mfululizo mpaka Jumamosi. Nyingine inaruka ikapita 500. Bei ya kwako siyo ya kwa jirani, ndiyo maana marafiki ni mtaji: aliyebahatika anafungua uwanja wake wa ndege, wenzake wanatua na mizigo. Stoo ya nyumbani haizipokei. Utazimwaga sakafuni zikukodolee macho wiki nzima. Jumapili ifuatayo alfajiri, zimeoza. Na ukijitia ujanja wa kurudisha nyuma saa ya mashine ya gemu, zinaoza vilevile. Dalali gani wa mahindi amewahi kubanwa hivi?

Mwanamume mzima akinuna kwa sababu Simba au Yanga imefungwa, nyumbani hakuna anayethubutu kumwomba hela ya mboga. Mimi nikihangaikia tanipu, naulizwa habari za uzazi. Tena kule kisiwani nina nyumba ya mkopo usio na riba wala tarehe ya mwisho. Huku mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, bomba lenyewe linakohoa hewa tu, na nikilalamika naambiwa wapangaji wapo wengi.

Nilifika nyumbani mashine haina chaji, umeme hakuna. Duka la kisiwani kwa shoga yangu hufungwa saa nne usiku. Umeme ulirudi saa nne na robo.



Tanipu zilizooza ukiziacha chini huvuta sisimizi. Jumapili niliwanasa kwa wavu, nikawapeleka dukani: Bells 80 kwa kichwa.